MAISHA YA MAKHAN SINGH, MTU WA SENDIKA

Hotuba iliyosomwa Lusenda, Fizi, mbele ya wachimbaji, wavuvi na watu wa mjini



Nimeombwa niseme habari za mtu mmoja wa siasa ya wafanya kazi, katika wale wa kwanza. Labda wengine walitazamia niwaletee Mwingereza wa miji ya viwanda, mmoja wa wale waliosimamisha chama cha Labour kule kwao. Habari zao ni nzuri, na njiani nitamgusa mmoja wao, maana ana jambo la kujibu. Lakini mtu wangu wa leo aliishi karibu na sisi zaidi. Mji wake ulikuwa Nairobi, mji uliozaliwa na reli mwaka 1899, mji wa karakana na mafundi. Jina lake Makhan Singh.

Najua yuko atakayenong’ona: Mhindi? Sisi wa Fizi tukae hapa kumsikiliza Mhindi wa Kenya? Ndiyo, Mhindi. Sikieni kwanza, kuhukumu kutakuja baadaye.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, nchi ya Punjab, sehemu ambayo siku hizi imo ndani ya Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala, akavuka bahari kwenda kufanya kazi ya reli Kenya. Mtoto alifuata na mama yake mwaka 1927, akiwa na miaka 13. Akaingia shule Nairobi, akamaliza, na fedha za kumpeleka mbele zaidi hazikuwapo. Wakati huo baba alikwisha acha reli na kufungua kiwanda kidogo cha kuchapa, na kijana akaingia kazini humo. Kwa hiyo sikilizeni vizuri: mtu huyu hakuwa mtoto wa ombaomba. Alikuwa mtoto wa mwenye mashine. Angeweza kukaa kimya, kuchapa kadi za harusi na risiti za maduka, na kufa tajiri kidogo.

Sasa hali ya Nairobi wakati ule. Mishahara ilikwenda kwa rangi. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, naye Mwafrika akiwa na kipande chake cha kutembelea, asipokuwa nacho anashikwa. Wazee waliofanya kazi Kamituga wakati wa kompani ya MGL hawahitaji kuelezwa mambo hayo. Wanajua ngazi ile, na wanajua nani alikaa juu yake.

Mafundi Wahindi walikuwa wamejaribu kufanya umoja wao mara kadhaa, na mara kadhaa ukafa. Mwaka 1934 wakaanza tena. Mwezi Machi 1935 wakamchagua Makhan Singh awe katibu. Alikuwa na miaka 21. Na hapa ndipo alipofanya jambo lililonifanya nimchague yeye. Katika majuma machache chama kile, kilichokuwa cha Wahindi, kilibadili jina kikawa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanya kazi, wa rangi yoyote na wa dini yoyote. Mwaka 1937 jina likapanuliwa tena, likawa la Afrika Mashariki nzima.

Kwa nini alifanya hivyo? Wengine husema ni kwa sababu ya moyo mwema. Huenda. Lakini mimi nasema ni hesabu pia, hesabu ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuifanya. Ikiwa mishahara ni ya ngazi tatu, mwenye kazi ana rungu mkononi siku zote. Fundi Mhindi akidai nyongeza, anaonyeshwa Mwafrika anayeweza kuajiriwa kwa bei ya chini. Mwafrika akidai, anaambiwa kazi ya ufundi si yake, ina wenyewe. Kila mmoja anamtazama jirani yake kwa jicho la chuki, na aliyeweka ngazi hakuna anayemtazama. Sendika ya rangi moja haiwezi kuvunja ngazi hiyo. Ikishinda leo, inashindwa kesho kwa mlango wa nyuma.

Nitasema jambo la hapa kwetu, na asiyependa anisamehe. Tangu mwaka 2015 ndugu zetu Warundi walipokimbia nchi yao, na kambi ikawekwa hapa Lusenda, maneno mangapi tumeyasikia? Mkimbizi amelima kwa nusu ya bei. Mkimbizi amebeba mizigo kwa nusu ya bei. Mkimbizi ameharibu kazi. Sikatai kwamba bei ilishuka. Nauliza tu: ile nusu nyingine, iliyokuwa yako zamani, iko mfukoni mwa nani? Mkimbizi hanayo. Yeye amepewa nusu, na ana watoto. Aliye nayo ni yule aliyewaita wote wawili asubuhi, akawauliza mmoja baada ya mwingine: wewe utafanya kwa kiasi gani? Na shimoni ni vilevile. PDG wa shimo hajali wewe ni Mbembe, Mfuliru, Mshi au Mrega wakati wa kuhesabu mifuko. Anakumbuka kabila lako siku unapodai.

Turudi Nairobi. Chama cha Makhan Singh kilidai siku ya kazi iwe saa nane, kuanzia tarehe 1 Oktoba 1936. Alitumia mashine alizozizoea: vikaratasi vilichapwa kwa Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili, vikapita mkono kwa mkono karakana kwa karakana. Waajiri wengi wakakubali saa nane, maana waliona watu wamekwisha elewana. Kisha ikaja nyongeza ya mshahara. Mwezi Aprili 1937 mafundi wakaweka zana chini, na mgomo ukaendelea siku 62.

Siku sitini na mbili, ndugu zangu. Mtu asiyewahi kugoma anadhani kugoma ni kulala. Kugoma ni kutazama unga unapungua. Ni mke kukuuliza jioni habari gani, na wewe huna habari. Mwenye duka anafunga daftari lake la mikopo. Juma la kwanza watu huimba, juma la tano hakuna anayeimba, na hapo ndipo inapojulikana kama chama kipo au hakipo. Kile kilikuwapo. Mwisho waajiri walikubali nyongeza ya kati ya 15 na 22 kwa mia, saa nane zikathibitishwa, na wagomaji wote wakarudishwa kazini. Nasema wote. Ni desturi ya mwenye kazi kukubali nyongeza halafu kuwafukuza watu watatu waliosema kwa sauti. Nairobi hawakumkubalia hilo.

Mwaka huohuo serikali ya Kenya ikatoa sheria ya vyama vya wafanya kazi. Sheria hiyo ilikuwa na pande mbili: ilikitambua chama, na ilimpa serikali kitabu cha kuandikia majina. Anayeshika kitabu cha majina anaweza pia kufuta. Mtaona baadaye.

Mwisho wa mwaka 1939 Makhan Singh alikwenda India, na Mei 1940 Waingereza wakamshika huko kwa siasa yake, maana hakuficha kwamba ni mkomunisti. Akakaa kifungoni, kisha akazuiliwa kijijini kwao, hata Januari 1945. Hakuna hukumu iliyotolewa. Sitakaa sana hapo.

Lakini miaka ile, yeye akiwa kifungoni, sisi Kongo tulikuwa wapi? Desemba 1941, Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, wafanya kazi weusi wa Union Minière waligoma. Vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, nao walitakiwa kutoa shaba zaidi. Wazungu wa kompani ileile nao walikuwa wameanza kudai mwaka huo, lakini walidai kwa ajili yao peke yao. Tarehe 9 Desemba watu walikusanyika katika kiwanja cha mpira, na askari wakafyatua risasi. Makumi walikufa. Katika waliokufa alikuwamo Léonard Mpoyi, mtu aliyesoma, aliyesimama kusema kwa niaba ya wenzake. Wabelji hawakuruhusu sendika ya watu weusi hata mwaka 1946, na hiyo nayo iliwekwa chini ya macho ya wakubwa. Nawaambieni haya ili asiwepo wa kusema kwamba Kenya walikuwa mashujaa na sisi tulilala. Damu ilimwagika kwetu pia. Tofauti ni kwamba Nairobi walikwisha kuwa na chama chenye daftari na katibu kabla risasi hazijaja.

Makhan Singh alirudi Kenya Agosti 1947. Mwezi huohuo serikali ilimshika Chege Kibachia, kijana aliyeongoza wafanya kazi wa Mombasa baada ya mgomo mkuu wa Januari mwaka ule, ikampeleka Kabarnet mbali na watu kwa miaka kumi. Kwa hiyo mmoja alikuwa anaingia na mwingine anatolewa. Huyu naye serikali ilijaribu zaidi ya mara moja kumfukuza nchini, ikisema hana haki ya kukaa, yeye aliyekuja akiwa mtoto wa miaka 13. Haikufaulu.

Tarehe 1 Mei 1949, sikukuu ya wafanya kazi, vyama kadhaa vikaungana, zikawa East African Trades Union Congress. Rais alikuwa Fred Kubai, Mwafrika, na katibu mkuu Makhan Singh. Wakapeleka karatasi zao ili waandikwe kitabuni. Serikali ikakataa. Ndiyo ile habari ya kitabu niliyowaambia.

Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa cheo cha jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza, na ndugu wa mfalme akaja kwa sherehe. Bendera, gwaride, chai. Sendika ikawaambia wafanya kazi wasiende. Ikasema Nairobi ni miji miwili, mmoja wa matajiri wenye taa na maji, mwingine wa watu waliojenga ule wa kwanza, wanaolala wengi katika chumba kimoja. Na jiji lililopewa cheo si hilo la pili. Wakubwa walikasirika sana. Mimi nadhani jambo hilo liliwauma kuliko mgomo, maana mgomo unagusa fedha, lakini huku waliguswa heshima mbele ya wageni.

Halafu likaja neno lenyewe. Jumapili ya tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, chama cha Waafrika, Kenya African Union, kilifanya mkutano pamoja na Congress ya Wahindi. Walikutana kukataa mpango wa masetla wa kujiongezea nguvu. Azimio lilikwisha andikwa, la kupinga. Makhan Singh akasimama akataka liongezwe: kupinga hakutoshi, nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili na kujitawala sasa. Watu wakakubali. Wengi husema hiyo ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutamkwa wazi kwa namna ile katika mkutano wa hadhara Kenya. Nanyi mnaona limetoka katika kinywa cha nani: katibu wa sendika, mtu wa mshahara na saa za kazi. Kwake yeye hayakuwa mambo mawili. Ukidai nyongeza, unaambiwa sheria hairuhusu. Ukiuliza sheria imetungwa na nani, umekwisha ingia siasa, upende usipende.

Baada ya siku 22, tarehe 15 Mei, polisi wakamshika yeye na Kubai. Kesho yake Nairobi ikasimama. Wagomaji walitaka viongozi waachwe huru, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, na Afrika Mashariki iwe huru. Serikali ikatoa moshi wa machozi na magari ya chuma. Mgomo ulidumu siku tisa, ukafika na miji mingine.

Sasa yule Mwingereza niliyeahidi kumgusa. Mwaka ule Uingereza ilitawaliwa na chama cha Labour, chama cha wafanya kazi, na waziri wa makoloni alikuwa James Griffiths. Nani alikuwa Griffiths? Wachimbaji, tegeni masikio: alikuwa mwenzenu. Mtu wa Wales, aliyeingia shimo la makaa akiwa na miaka 13. Alichimba, akawa mtu wa sendika, akapanda mpaka akawa rais wa umoja wa wachimba makaa wa South Wales, kisha mwaka 1936 akaingia Bunge. Alipokuwa waziri wa bima, mwaka 1946, ilitoka sheria ya kumlipa mfanya kazi aliyeumia kazini, mchimbaji aliyevunjika mgongo asiachwe kuomba barabarani. Kazi njema, na sisi hapa hatujaipata hadi leo. Mtu wa Misisi akifunikwa na udongo, wenzake ndio huchanga za sanda.

Basi huyo ndiye aliyekaa juu ya ofisi ya makoloni wakati gavana wa Kenya, Philip Mitchell, alipomfungia mtu wa sendika mwenzake. Simwiti Griffiths mtu mbaya. Naona tu kwamba shimo la Wales alilijua kwa mikono yake, na Nairobi aliijua kwa karatasi za gavana. Mfanya kazi wa mbali, mwenye rangi nyingine, alikuwa kwake jambo la usalama. Makhan Singh akiwa na miaka 21 alikwisha liona kosa hilo katika chama chake mwenyewe, akalifuta.

Kesi yake ilisikilizwa Nyeri, mbele ya jaji Thacker, ambaye baadaye, mwaka 1953, ndiye aliyemhukumu Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Makhan Singh hakujificha. Alisema mbele ya jaji kwamba yeye ni mkomunisti, na kwamba serikali ya Waingereza haina haki ya kuitawala Kenya. Wakili mwenye tahadhari angemfunika mdomo. Gavana akaamuru azuiliwe, naye akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa katika nchi ya Waturkana, jua na mawe. Baadaye Maralal. Mwisho Dol Dol. Hata alipoachwa tarehe 22 Oktoba 1961, alikuwa amemaliza miaka 11 na miezi mitano tangu siku ya kushikwa. Kenyatta mwenyewe alishikwa nyuma yake, Oktoba 1952, na kuachwa mbele yake, Agosti 1961.

Wakati huo wote mkewe alilea watoto watatu Nairobi. Vitabu havimsemi sana, nami sina mengi ya kuongeza, ila akina mama waliobaki na nyumba waume wakiwa mashimoni au gerezani wanaweza kujaza wenyewe.

Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Makhan Singh alipewa nini? Uwaziri haukuja. Ubalozi haukuja. Sendika nazo zilikuwa na wakubwa wapya, wengine wenye marafiki Marekani na Ulaya, na mkomunisti mzee aliwachosha. Yeye akarudi kwenye karatasi. Alikuwa mtu wa kutunza kila kikaratasi, kila barua, kila hesabu ya mkutano, na kwa karatasi hizo akaandika kitabu juu ya sendika za Kenya tangu mwanzo hata 1952, kikatoka mwaka 1969. Kitabu si rahisi kusoma, nisiwadanganye. Ni tarehe, azimio, tarehe, azimio. Lakini bila yeye tungeambiwa na wakubwa kwamba saa nane za kazi zililetwa na serikali kwa huruma yake. Akafa Nairobi tarehe 18 Mei 1973, na miaka 59.

Kijana mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: mtu aliyefungwa hivyo na asipate kitu, alifaidi nini? Ndugu yangu, sina jibu la kumsemea marehemu. Najua kwamba mwaka 1937 kulikuwa na fundi aliyeanza kutoka kazini jua likiwa bado lipo, akawaona watoto wake kabla hawajalala, naye labda hakulijua jina la katibu.

Hapa nanyamaza. Koperativi ya wachimbaji ilisema ina maswali mawili, na mama wa kikundi cha kutwanga mawe amenyanyua mkono tangu nilipotaja mishahara. Aanze yeye.